Ajuza Anayetazama

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Kwa muda mrefu filamu zilimruhusu mwanamke mzee aishi, lakini zilimnyima kuona. Yeye alikuwa wa kutazamwa tu: ama bibi mwenye huruma, ama mchawi, ama mwenda wazimu anayeung'ang'ania ujana.

Mfano ulio bora, na ndio ulio mchungu, ni Sunset Boulevard ya Billy Wilder (1950). Norma Desmond, nyota wa filamu bubu aliyesahauliwa, ana miaka 50 tu. Gloria Swanson alimwigiza kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, kisa chake kinasimuliwa na mwanamume, tena maiti. Marehemu kapewa ulimi. Mwanamke aliye hai kabaki kioja.

Miaka 60 baadaye, mwaka 2010, Lee Chang-dong wa Korea ya Kusini alitoa Shi, yaani "Ushairi", iliyotuzwa Cannes kwa uandishi wake. Mija, bibi wa miaka 66, analea mjukuu, anamwogesha mzee aliyepooza ili apate riziki, na anajiunga na darasa la ushairi. Mwalimu anainua tufaha na kuwaambia wanafunzi kwamba hawajapata kuliona. Tangu hapo Mija hutazama. Daktari anamwarifu kuwa maradhi ya usahaulifu yatamnyang'anya nomino kwanza, kisha vitenzi. Naye anaona jambo zito kuliko tufaha: mjukuu wake ni mmoja wa wavulana sita waliomnajisi msichana wa shule, hata akajitosa mtoni. Baba za wale wengine wanachanga fedha wanunue kimya cha mama mfiwa.

Wilder anammalizia ajuza wake kwa wazimu. Lee anammalizia wake kwa shairi. Katika darasa zima ni Mija peke yake aliyetunga, na ndani ya utungo huo sauti yake inapokewa na ya yule marehemu. Bibi anayekimbiwa na maneno ndiye anayemrudishia msichana usemi, ilhali wenye maneno yao kamili wamechagua kunyamaza.

Yun Jung-hee, nyota wa miaka ya 1960, alirejea katika uigizaji kwa filamu hii. Baadaye naye aliugua maradhi yayo hayo, hadi akafariki Paris, Januari 2023.

Katika filamu za Kiswahili, ajuza mara nyingi angali huitwa panapohitajika mchawi au mkwe mkorofi. Waigizaji wazuri wapo. Kinachokosekana ni mtunzi wa kumwachia bibi kisa akione kwa macho yake mwenyewe.