Davud Monshizadeh: Msomi wa Tendi, Kiongozi wa Kifashisti
Je, mhakiki azisomeje kazi za Davud Monshizadeh (1914–1989)? Mwajemi huyu alisomea Ujerumani, akaishi huko chini ya utawala wa Wanazi, na mnamo 1952 akaasisi SUMKA, chama cha Iran kilichouiga Unazi hata katika mashati meusi ya vijana wake. Baadaye alifundisha taaluma za Kiirani mjini Uppsala, Uswidi.

Wapo wanaomtenga msomi na mwanasiasa. Hoja hiyo haitoshi: neno ‘Arya’, ambalo kwa mwanaisimu ni jina la lugha na la watu waliojiita hivyo, ndilo ambalo mafashisti waligeuza kuwa damu. Lakini kuzitupa kazi zake zote ni uvivu. Mnamo 1981 alihariri kisa cha Kipahlavi cha Zarer, shujaa anayeuawa vitani na kuliliwa na mwanawe mdogo, Bastwar. Ushindi umo, ila kilio hicho ndicho kiini cha utendi, nacho hakiingiliani kamwe na gwaride la chama.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tusijitenge na suala hili. Carl Meinhof, aliyeuendeleza mpango wa ngeli tunaoufunza hadi leo, alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933.