Kina cha Bahari

Mwalimu wetu wa sayansi, huko pwani ya Tanga, alikuwa malenga. Siku ya somo la maji kujaa na kupwa hakuandika kitu ubaoni. Alitaka kila mmoja wetu alete mshororo mmoja wa mizani 16, wenye vina vya kati na vya mwisho, juu ya bahari aliyoiona kwa macho yake.

Mtoto wa fundi cherehani akasimama: "Bahari bila kusita, hujaa saa ya sita."

Tukapiga makofi. Mwalimu naye akapiga. "Vina vimekaa, mwanangu," akasema. "Sasa twende tukaiulize bahari kama imekubali."

Tukachomeka mti ufukweni. Siku ile maji yalijaa saa sita kweli, na mshairi wetu akatembea kifua mbele. Kesho yake, saa sita, maji yalikuwa bado yanapanda; yalikoma karibu na saa saba. Siku ya tatu yakachelewa tena. Mwalimu akatuambia tuutazame na mwezi: nao huchelewa kuchomoza kiasi cha dakika 50 kila siku, na maji huufuata. Wazee waliokuwa wakiziba dau pembeni walitucheka. Wao walijua tangu zamani kwamba hizo ni siku za maji mafu, na kwamba bamvua, la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu, hujaa alfajiri na alasiri. Ndiyo maana akina mama wa pweza hushuka mwambani asubuhi, jua likishapanda na maji yakiwa yamekupwa.

Ukweli tukawa nao, lakini mshororo ulikuwa umevunjika. Wiki nzima yule mtoto alihangaika. Akitaja saa, mizani inazidi. Akiitoa, bahari inadanganya. Mwalimu hakumsaidia hata kwa silabi moja. Ijumaa akaja nao:

"Leo ikijaa sita, kesho saba yaikuta."

Sijawahi kuisahau saa ya bahari tangu siku hiyo. Kina kilimlazimisha kutafuta neno, na neno likamrudisha ufukweni kulitafutia ushahidi. Sijui maabara gani ingemfanya mtoto wa miaka kumi azililie dakika 50.

Wala mwalimu hakubuni jambo geni. Mshairi Mathias Mnyampala, aliyefariki 1969, alizishika ngonjera, mashairi ya majibizano, akazifanya chombo cha kufundishia watu wazima siasa ya nchi yao. Mwalimu wetu aliwapa watoto chombo hichohicho, akabadilisha somo tu. Mbu na kiluwiluwi walijibizana darasani, kaskazi ikagombana na kusi. Siku hizi ngonjera hutolewa kabatini mgeni rasmi anapokuja, zikamsifu yeye na suti yake, zikarudishwa. Sayansi imebaki kuchagua herufi ya jibu.

Juzi nilimwuliza mtoto wa jirani, yuko darasa la tano na mawimbi anayasikia akiwa kitandani, maji yanajaa saa ngapi leo. Akasimama wima, akanijibu kwa ufasaha kwamba kujaa na kupwa kwa maji husababishwa na nguvu ya uvutano ya mwezi na jua.

"Vizuri," nikasema. "Na leo, saa ngapi?"

Akaenda ndani kumwomba baba yake simu.