Kuufuata Mstari Hadi Chimbuko Lake

Mwandishi wa programu husifiwa kwa alichoandika. Mimi namsifu msomaji: yule anayekuta mstari asiouelewa na, kabla ya kuufuta, anaipekua historia yake komiti baada ya komiti, yaani hatua moja iliyohifadhiwa baada ya nyingine. Kuuliza si ujinga, na huyu huuliza hata waliokwisha kuacha kazi.

Linus Torvalds alipoanza kuunda Git, mfumo wa kutunza historia ya programu, Aprili 2005, hakuipa mahali pa kuandika kwamba faili limebadilishwa jina. Kila komiti huhifadhi hali nzima ya mradi. Faili likihama folda, kumbukumbu huonyesha moja limetoweka na jingine limezuka. Ukitumia amri kama git log --follow, ndipo yaliyomo hulinganishwa: yakifanana kwa nusu au zaidi, huhesabiwa kuwa faili lile lile. Hilo ni kisio. Kulithibitisha ni kazi ya msomaji.

Tuseme umekuta mstari unaoiamuru programu isubiri sekunde 30 kabla ya kurudia ombi la malipo. Waonekana wa kupoteza muda tu. Git blame, amri inayoonyesha aliyegusa kila mstari mara ya mwisho, inakutajia mtu wa juzi. Ukifungua komiti yake, unaona alipanga upya nafasi za pembeni tu; maana ya mstari hakuigusa. Unaongeza -w ili nafasi zisihesabiwe, na jina la zamani zaidi linajitokeza. Kisha kwa git log -S unaitafuta komiti iliyouingiza mstari huo mara ya kwanza, na ujumbe wake unasema: seva ya benki huchelewa kujibu, ombi likirudiwa upesi, mteja hukatwa fedha mara mbili. Mstari unabaki.

Na hitilafu isipojulikana ilipoingilia, git bisect huigawa historia nusu kwa nusu: komiti 1,000 humalizwa kwa majaribio kama 10 tu.

Amri hizi hutaja nani na lini. Sababu huijui mpaka mwenyewe awe ameiandika, na ujumbe unaosema “marekebisho” haumfai mtu. Ndiyo maana wafuatiliaji hodari huandika komiti zinazoeleweka: wanajua adha ya kufika chimbukoni na kukuta kukavu.

Ufundi huu haumfungi mtu kwa ya kale. Benki ikibadilisha mfumo wake, sababu imekwisha; futa mstari bila woga, ila andika kwa nini umeufuta.