Suti ya Kijivu ya Madeleine

Ukitaja Vertigo, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1958, wengi hukimbilia ngazi za mnara: kamera inasogea huku lenzi ikivuta kinyume chake, na shimo linarefuka machoni pako. Ufundi huo una heshima yake. Mimi hunasa kwenye mavazi.

Scottie, aliyekuwa mpelelezi wa polisi San Francisco, amempoteza Madeleine, mwanamke aliyempenda. Mtaani anakutana na Judy, muuzaji wa dukani mwenye sura ileile, na anaanza kumvisha ya marehemu: suti ya kijivu, viatu, hata rangi ya nywele. Riwaya ya Boileau na Narcejac iliyozaa filamu hii iliificha siri mpaka mwisho. Hitchcock anaimwaga mapema (miaka zaidi ya 60 imepita, nami siifichi): Judy anaandika barua ya kukiri kwamba ndiye yuleyule, alikuwa akimwigiza Madeleine, kisha anaichana. Kuanzia hapo hatubahatishi tena. Tunamtazama mtu anayevishwa upya vazi la uongo wake mwenyewe, akikubali kwa sababu anapenda.

Kim Novak, anayewaigiza wote wawili, hakuipenda suti hiyo, kazi ya mbunifu Edith Head. Amewahi kueleza kwamba kule kubanwa kulimsaidia kumpata Madeleine, na kunaonekana: mgongo wima, shingo haigeuki ovyo. Judy wake anatembea kwa kulegea, nyusi nzito, sauti ya chini kwa chini ya Madeleine imekwisha.

Basi Judy anarudi hotelini kutoka saluni, nywele zimeshageuzwa dhahabu, ila hazijabanwa kisogoni. Scottie anasihi. Judy anaingia bafuni, mlango unafungwa, na Hitchcock anatuacha na mwanamume anayesubiri. Hakuna anayesema neno. Muziki wa Bernard Herrmann unapanda taratibu. Mlango unafunguka, naye anatoka ndani ya ukungu wa kijani, rangi ya taa za bango la hoteli dirishani, kama mzuka. Hatua chache, ukungu unamwachia.

Wanabusiana, kamera inawazunguka. Kumbe waigizaji wamesimama juu ya jukwaa linalozunguka, nyuma yao ikitupwa picha iliyopigwa kabla. Chumba kinageuka zizi la San Juan Bautista, walikobusiana kabla Scottie hajampoteza Madeleine. Scottie (James Stewart) anainua macho, anashangaa yuko wapi, halafu anaendelea kubusu.