Tanzia Huanzia Wapi? Onyesho la Karamu katika "Romeo and Juliet"

Neno tanzia, kabla halijatwaliwa na wahakiki kuwa istilahi ya tamthilia, lilikuwa tangazo la kifo, na lingali hivyo. Pengine ndiyo sababu wengi wetu huitafuta tanzia ya Romeo na Juliet kaburini, katika sehemu ya 5. Sisi twaona kwamba imekwisha kuanza katika onyesho la 5 la sehemu ya 1, karamuni kwa mzee Capulet.

Tuutazame mpangilio. Tybalt aitambua sauti ya Romeo, mwana wa adui, naye aagiza upanga wake. Capulet amkemea, kwa kuwa hataki fujo mbele ya wageni. Tybalt aondoka na hasira yake ameiweka akiba. Papo hapo Romeo amshika Juliet mkono. Hasira hiyo ndiyo itakayomwua Mercutio katika sehemu ya 3 na hatimaye kumfukuzisha Romeo Verona. Mfasiri anayeyapunguza maneno ya Tybalt ili awafikie wapendanao upesi amekata mzizi.

Mazungumzo ya wapendanao wenyewe ni soneti kamili ya mistari 14. Romeo atunga minne. Juliet ajibu kwa minne, tena akikirudia kina kimoja cha Romeo. Iliyobaki wagawana, hata katika ile miwili ya mwisho kila mmoja ana wake. Jambo hili si geni kwetu: katika majibizano ya washairi, anayejibu hufuata vina na mizani ya aliyeanza. Kwa hiyo tafsiri ya nathari, hata iwe fasaha namna gani, humnyima mtazamaji habari iliyo kubwa kuliko zote, yaani kwamba wawili hawa wamekuwa shairi moja kabla ya kujuana majina. Tena waanza shairi la pili. Mistari minne tu, na yaya aja kumwita Juliet kwa mama yake.

Istilahi nazo zina taabu. Romeo ajifanya hujaji (jina lake katika Kitaliano lina maana hiyo hiyo, hujaji aendaye Roma), na Juliet amemfanya mtakatifu. Wako watakaopendelea "walii", neno lililozoeleka pwani. Hatukubaliani nao. Walii huzuriwa kaburini, ilhali jibu la Juliet, kwamba mtakatifu hasogei ingawa hukubali maombi, lataka sanamu iliyosimama. Ama ule mchezo wa neno la Kiingereza linalotaja kiganja na pia mtende, ambao kuti lake lilikuwa alama ya hujaji, na upotee; maelezo ya ziada yatavunja mizani bure.

Na maswali ya Juliet kwa yaya yasifupishwe. Aulizia kwanza wageni wawili wasiomhusu kitu, ndipo athubutu kumwulizia wa tatu.