Neno Dogo na Hukumu ya Msomaji

Ni machache maneno ya Kiingereza yanayodhaniwa kuwa mepesi kama "nice". Mwanafunzi hufundishwa mapema kuwa maana yake ni "-zuri" au "-a kupendeza", naye huridhika. Lakini neno hilo limetoka mbali. Asili yake ni "nescius" la Kilatini, yaani asiyejua. Likapitia Kifaransa cha kale, na lilipoingia katika Kiingereza, yapata mwaka 1300, lilimaanisha mjinga. Baadaye likapata maana ya mteuzi, ya jambo dogo, ya usahihi. Na maana ya kupendeza ikaenea katika karne ya 18. Maana hizo hazikufuatana kama wafalme, mmoja afe ndipo mwingine atawale. Nyingi ziliishi pamoja, na mtungaji akachagua aitakayo.

Jane Austen aliutumia wingi huo katika Northanger Abbey, kitabu kilichochapishwa mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kifo chake. Catherine Morland akisifu hadithi ya Ann Radcliffe kwa neno hilo, Henry Tilney humdhihaki kana kwamba amesifu jalada, kisha hudai kuwa hapo kale neno lilihusu unadhifu na adabu. Eleanor, dada yake, humjibu kwa neno lilo hilo, akimaanisha kuwa yeye ni mteuzi kupita kiasi. Ni rahisi kumpa Tilney ushindi, lakini hukumu hiyo si ya haki. Historia anayoitegemea ina kasoro, kwani ujinga uliutangulia unadhifu. Na Catherine, aliyesema kama walivyosema watu wa siku zake, hakukosa.

Kwa Shakespeare jambo ni zito zaidi. Katika tendo la nne la Julius Caesar, tamthilia iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Julius Nyerere mwaka 1963, Brutus amemshutumu Lucius Pella kwa kula rushwa. Cassius hulalamika kuwa katika wakati kama ule haifai kila kosa lichunguzwe, na kosa hilo hulipa sifa ya "nice". Afasiriye "kosa zuri" atamfanya Cassius kichekesho. Maana yake ni "kosa dogo", na hapo ndipo ugomvi wote ulipo: kwa Cassius rushwa yaweza kuwa ndogo; kwa Brutus, aliyemwua Caesar kwa jina la haki, hapana rushwa ndogo. Kivumishi kimoja chawatenga watu wawili.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Asomaye tungo za kale akidhani kuwa "muungwana" ni mtu mwenye adabu tu, na kusahau kuwa neno hilo lilimtenga aliye huru na mtumwa, atasoma tabia njema mahali palipoandikwa cheo. Neno gumu humpeleka msomaji kwenye kamusi. Lile jepesi humpita bila kuulizwa, na huko ndiko upotofu uanziako.