Kuhamia klasta "bila kugusa programu": ahadi hii ina ukweli kiasi gani?

Ukipita kwenye maduka ya jumla ya Kariakoo, kuanzia Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo, daftari la wadaiwa bado lipo, lakini mauzo na stoo vya wengi vimeshaingia kwenye kompyuta. Programu nyingi za aina hii ziliandikwa kwa ajili ya seva moja iliyokaa chini ya meza ya mhasibu. Seva ikizima, duka limesimama. Ndiyo maana wauza mifumo wana wimbo mmoja siku hizi: hamishia kanzidata yako kwenye klasta ya seva tatu, na programu yako haitaguswa hata mstari mmoja.

Nimeshakaa kwenye onyesho la namna hiyo hapa mjini. Seva tatu mezani, mauzo yanaingia, jamaa anachomoa umeme wa seva moja. Mauzo yanaendelea kama kawaida. Watu tukapiga makofi. Nikiwa njiani kurudi ndipo nikajiuliza: hivi tumeonyeshwa nini hasa?

Tuwe wa haki kwanza. Tulichoonyeshwa ni kweli. Klasta huandika kila badiliko kwenye seva zote, na huendelea na kazi mradi zaidi ya nusu ya seva zinawasiliana. Ikifa moja kati ya tatu, mbili zinatosha. Shida iko kwenye hayo maneno "haitaguswa hata mstari mmoja".

Chukua MariaDB Galera, klasta ambayo mtu anayetoka MySQL hukutana nayo mapema. Limebaki jora moja la kitenge. Kaunta mbili, kila moja imeungwa kwenye seva yake, zinabonyeza "uza" kwa wakati mmoja. Kwenye seva moja ya zamani, wa pili angesubiri wa kwanza amalize, kisha angekuta stoo ni sifuri. Kwenye Galera wote wawili wanaendelea, na mgongano unagundulika mwishoni kabisa, wakati wa kuthibitisha muamala. Mmoja anapita, mwingine anaambiwa aanze upya. Kanzidata imefanya kazi yake vizuri. Lakini programu ya zamani haikuzoea kukataliwa hatua ya mwisho. Kama huchapa risiti kabla ya jibu kurudi, mteja wa Lubumbashi ataondoka na karatasi ya mauzo ambayo kwenye vitabu haipo.

Halafu namba za ankara. Ili seva zisigongane, Galera kwa kawaida huzigawia namba kwa kuruka: ya kwanza inatoa 1, 4, 7; ya pili 2, 5, 8; ya tatu 3, 6, 9. Kama programu yako hutumia namba hizo kama namba za ankara, mhasibu atauliza nani kachana ankara za 2 na 3.

Zito zaidi ni hili: seva zikae wapi? Tuseme moja iko Dar na mbili ziko Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Siku kama hiyo seva ya Dar inaweza kuwa nzima, umeme upo, na bado ikakataa kuandika mauzo, kwa sababu imebaki peke yake kati ya tatu. Na ni sahihi ikatae. Mafahali wawili hawakai zizi moja: pande zote mbili zikiendelea kuandika, stoo itakuwa na hesabu mbili. Eric Brewer alilieleza jambo hili mwaka 2000, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kihisabati. Mtandao ukigawanyika, unachagua kuendelea kujibu au kubaki na hesabu moja. Vyote viwili hupati.

Umbali nao una bei. Kwenda Ulaya na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100. Programu inayoingiza mistari 500 ya stoo, kila mstari muamala wake, itasubiri zaidi ya sekunde 50. Na ukizirundika seva zote chumba kimoja ili kukwepa hilo, kumbuka moto wa soko la Kariakoo wa tarehe 10 Julai 2021. Moto hauhesabu seva.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Klasta inatibu ugonjwa mmoja, kifo cha seva, na inautibu vizuri. Ila programu lazima iguswe: ijue kurudia muamala uliokataliwa, iwe na utaratibu wake wa namba za ankara, na iunganishe mistari mingi kwenye muamala mmoja. Seva zisambazwe ndani ya jiji, mfano Kariakoo, Posta na Mwenge, kwa njia isiyopita baharini. Na duka lenye kaunta tatu kwenye jengo moja huenda likatoshwa na seva moja nzuri, pamoja na bakapu iliyo jengo jingine na iliyoshajaribiwa kurejeshwa.

Ukialikwa kwenye onyesho, omba wasichomoe umeme. Wachomoe waya wa mtandao, halafu kaunta mbili ziuze lile jora la mwisho.